Chupa ndani ya mifuko ya kaki: jioni ya kuonja mvinyo Lavington

Jioni za kuonja mvinyo si jambo geni tena Nairobi. Nyingi huandaliwa na waagizaji au maduka. Mtu hupewa glasi, husomewa sifa za shamba fulani la Stellenbosch, Afrika Kusini, kisha huletewa karatasi ya kuagizia katoni. Ninayoipitia hapa ni ya namna nyingine, kwa kuwa haina muuzaji. Wapenzi wa mvinyo wapatao kumi na wawili hukutana Alhamisi moja ya kila mwezi katika chumba cha nyuma cha mkahawa ulio karibu na Barabara ya James Gichuru, Lavington, kila mmoja akiwa na chupa yake ndani ya mfuko wa kaki uliofungwa shingoni, na hakuna anayejua mwenzake ameleta nini mpaka alama zote ziwe zimeandikwa. Mkahawa wenyewe sitautaja, kwa sababu kundi huazima chumba tu na baadhi ya lawama zilizomo humu zinauhusu.

Ada ni shilingi 1,500 kwa mtu. Humo mna kokeji, yaani malipo ya kufunguliwa chupa uliyokuja nayo, pamoja na glasi, maji, mkate na sahani mbili za jibini ya Limuru. Chakula cha usiku hulipiwa kando. Chupa isizidi bei ya shilingi 3,000, na mwenyewe huonesha risiti mwishoni, mfuko unapovuliwa. Naliona sharti hili kuwa la busara kuliko yote, kwa maana pasipo kikomo mkutano wa aina hii hugeuka upesi kuwa mashindano ya mifuko: mmoja ataleta chupa ya bei ya kodi ya nyumba, na wengine watatumia jioni nzima wakiisifu ili wasionekane washamba.

Kukitii kikomo hicho kumekuwa kugumu zaidi tangu ushuru wa bidhaa ulipobadilishwa mwishoni mwa Desemba 2024. Awali mvinyo ulitozwa shilingi 243.43 kwa kila lita, uwe mkali au mwepesi. Mfumo uliofuata ukatoza shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi kilichomo. Kwa hesabu hiyo, chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 14 hubeba ushuru wa takriban shilingi 236, ilhali zamani ilibeba kama 183, nayo chupa nyepesi ya asilimia 9 hushuka hadi kama 152. Anayependa mivinyo mizito ya nchi za joto analipia jua lililoiva ndani ya zabibu hizo, na tofauti hiyo ilionekana kwenye risiti za meza yetu.

Msimamizi wa jioni hizi ni mwanamke aliyesomea taaluma ya mvinyo, ambaye hukaa kwenye kona ya meza akiwa na kalamu nene na saa. Kila mgeni humnong'oneza aina ya chupa aliyoleta, naye hupanga mfululizo: wenye mapovu kwanza, kisha myeupe, kisha myekundu kuanzia mwepesi hadi mzito, na mtamu mwisho kabisa, kwani ulimi ukishaonja sukari huona kila kinachofuata kuwa kichachu. Namba huandikwa juu ya mfuko. Chupa hufunguliwa jikoni, ili asiwepo atakayekisia bei kwa kutazama kama ina kizibo au kifuniko cha kuzungusha, ingawa siku hizi ukisiaji huo hauna maana, maana mivinyo mingi mizuri ya Australia na New Zealand hufungwa kwa vifuniko hivyo hivyo.

Kila mmoja hupimiwa takriban mililita 50. Kwa chupa kumi na mbili hizo ni mililita 600, karibu chupa nzima kwa mtu mmoja, na ndiyo maana kuna ndoo za kutemea katikati ya meza. Wageni wapya huona haya kuzitumia. Nilimwona kijana mmoja akimeza kila kitu kwa adabu hadi namba sita, na kuanzia namba saba alama zake zote zikawa 18 juu ya 20.

Kanuni inayoifanya jioni hii istahili ada yake ni ya ukimya. Kwa dakika mbili baada ya kumiminiwa, hakuna ruhusa ya kusema lolote, wala kukunja uso, wala kuguna. Unatazama rangi dhidi ya karatasi nyeupe, unanusa, unazungusha glasi, unanusa tena, unaonja na kuandika. Nimehudhuria meza ambazo mzungumzaji mmoja mwenye sauti nzito alitamka "zambarau na tumbaku", na ghafla kila pua mezani ikanusa zambarau na tumbaku. Hapa pua yako huachwa peke yake na kazi yake. Wakati wa kusoma maelezo unapofika, tofauti huwa kubwa hadi zinachekesha: mmoja ameandika ndimu, mwingine embe bichi, mwingine ameandika tu "harufu ya dawa ya kikohozi, lakini nzuri".

Mada ya jioni ninayoieleza ilikuwa Afrika. Niliingia nikidhani tutakunywa Afrika Kusini pekee, kwa kuwa ndiyo inayojaza rafu za supamaketi zetu, na kweli nusu ya chupa zilitoka huko. Iliyofungua jioni ilikuwa Cap Classique, mvinyo wa mapovu wa Afrika Kusini unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa yake kama ufanywavyo Champagne. Wa kwanza wa aina hiyo ulitengenezwa na shamba la Simonsig mwaka 1971. Ulinuka mkate wa moto na tufaha, na mapovu yake yalikuwa madogo na ya kudumu. Kwa shilingi 2,600, sioni kwa nini mtu wa harusi za Nairobi aendelee kununua mapovu matamu yasiyo na ladha.

Chenin Blanc ilikuja mara mbili. Ndiyo zabibu nyeupe inayopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na kwa vizazi vingi wakulima wa huko waliiita Steen. Moja ilikuwa ya bei ya chini, safi, yenye ladha ya pera, na ikasahaulika mara ilipomezwa. Nyingine ilitoka Swartland, kwenye mizabibu mikongwe inayokua bila waya kama vichaka, na ilikuwa na uzito wa asali isiyo na utamu, pamoja na uchachu uliofika nyuma ya ulimi na kubaki hapo. Niliipa 17. Jirani yangu aliipa 11, akisema inamkumbusha nta ya sakafu. Tulisoma alama zetu kwa sauti bila yeyote kati yetu kubadilisha, na hiyo ni faida nyingine ya kuandika kwanza.

Kisha ikaja namba nne. Rangi yake ilikuwa hafifu yenye ukijani ukingoni. Harufu ilikuwa ya nyasi zilizokatwa, pilipili hoho mbichi na ganda la pasheni. Uchachu ulikuwa mkali kiasi cha kufanya mate yatoke. Hapakuwa na ubishi kwamba ni Sauvignon Blanc, na wengi tuliandika kwamba imetoka maeneo ya baridi ya Rasi, huko Afrika Kusini. Mfuko ulipovuliwa, lebo ilisomeka Leleshwa, mvinyo wa shamba la Morendat karibu na Naivasha. Mzee mmoja mstaafu, ambaye hadi wakati huo alikuwa amesema machache, aliishika chupa kwa mikono miwili na kuigeuza. "Wallahi, miaka yote nimepita pale nikienda Nakuru," alisema, "na macho yangu yaliona mahindi na maua tu." Msimamizi akamwambia, "Mzee, wewe umeipa 16. Usiibadilishe sasa kwa sababu ni ya nyumbani." Naye akajibu kwamba anaibadilisha kushuka, kwa kuwa ya nyumbani ilipaswa kuwa nafuu.

Ana hoja. Kulima mizabibu karibu na ikweta ni kazi ya gharama, kwani mmea huo umezoea majira ya baridi yanayoulazimisha kulala na kukusanya nguvu. Naivasha haina majira hayo, na mkulima hana budi kuulazimisha mzabibu upumzike kwa kuupogoa. Kinachomsaidia ni mwinuko: bonde la Naivasha lipo karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wake wa baridi huulinda uchachu ambao joto la mchana lingeuteketeza. Huo ndio uchachu tulioudhania kuwa wa Rasi. Katika duka la mvinyo, huenda ningeipita chupa hiyo nikiitafuta ya mbali zaidi. Ndani ya mfuko wa kaki ilishika nafasi ya pili usiku ule, nyuma ya Chenin ya Swartland.

Chupa ya Ethiopia, kutoka mashamba ambayo kampuni ya Kifaransa ya Castel ilipanda karibu na Ziwa Ziway, ilikuwa nyekundu, laini, yenye utamu kidogo uliowafurahisha wengi na kunichosha mimi. Iliyozua mjadala ni ya Dodoma. Dada mmoja Mtanzania alikuwa ameibeba kutoka kwao: mvinyo mwekundu wa zabibu ya Makutupora, inayolimwa katika ukame wa kati ya Tanzania, ambako mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki na ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulikuwa na tanini (ule ukakasi utokao kwenye maganda ya zabibu) za kukwaruza, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, lakini chini yake palikuwa na tunda la ajabu lenye harufu ya ukwaju na vumbi la mvua ya kwanza. Nusu ya meza iliuweka mkiani. Mimi niliupa 14 na ningeunywa tena, ukiwa na mbuzi.

Hapa lazima niseme kasoro ya utaratibu. Mfuko wa chupa ile ulikuwa mfupi, na shingoni ilichungulia stempu ya ushuru isiyofanana na ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Aliyekaa karibu nayo aliiona, akaandika "Tanzania", kisha akapongezwa kwa ulimi wake mkali. Macho ndiyo yaliyofanya kazi. Dawa ni rahisi: mvinyo umiminwe jikoni kwenye majagi ya kioo yanayofanana, jambo ambalo lingesaidia pia mivinyo migumu kupata hewa. Nililipendekeza, nikajibiwa kwamba mkahawa una majagi mawili tu ya kufaa.

Pinotage ilifuata, zabibu iliyobuniwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kupandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Watu wengi wamewahi kukutana na Pinotage mbaya inayonuka mpira uliochomeka, na baadhi yao hawakurudi tena. Hii ilikuwa safi, yenye harufu ya forosadi na moshi wa mbali, na pale mishikaki ya kuagiza ilipofika ilionekana kwamba moshi wa nyama na moshi wa mvinyo hufahamiana.

Namba nane ilikuwa imeharibika. Chupa yenyewe sitaitaja, kwa kuwa jambo hili laweza kukipata kizibo cha shamba lolote. Ilinuka kadibodi iliyolowa na ghala lisilofunguliwa, na tunda lote lilikuwa limekufa. Chanzo chake kwa kawaida ni kemikali iitwayo trikloroanisoli, inayotokana na ukungu kwenye gamba la mti ambao vizibo hukatwa kwake. Haimdhuru mnywaji, ila huua harufu hata ikiwa kiasi kidogo mno. Msimamizi hakuimwaga. Aliizungusha meza nzima akataka kila mtu ainuse polepole, kisha anuse glasi ya namba saba, isiyoharibika, kisha arudi. Wageni wengine wamekunywa mvinyo wa namna hiyo hotelini miaka mingi wakidhani ndiyo ladha yake, na wakalipa bila kulalamika. Zoezi hilo la dakika tano lilikuwa, kwa maoni yangu, na thamani ya ada nzima, ingawa sina hakika aliyeileta chupa alikubaliana nami.

Sasa niseme kuhusu nyumba yenyewe. Chumba ni kizuri, kina mwanga mweupe wa kutosha na hakina muziki, na wahudumu ni wachangamfu. Lakini glasi ni nene, fupi, zenye midomo mipana, aina ambayo ingefaa juisi ya miwa kuliko mvinyo. Glasi ya kuonjea huwa na tumbo linalobana kuelekea juu ili harufu ikusanyike. Kipimo cha kimataifa cha ISO kimekuwepo tangu miaka ya 1970 na glasi zake si za bei ya kutisha. Baya zaidi, baadhi ya zile tulizopewa zilinuka kitambaa cha kukaushia. Wanachama wa muda mrefu huja na glasi zao ndani ya taulo, na ningemshauri mgeni afanye vivyo hivyo. Ajizuie pia kujipaka manukato siku hiyo. Jioni ile mgeni mmoja alikuwa amejimiminia udi wa nguvu, na upande wake wa meza kila mvinyo, mweupe kwa mwekundu, ulipewa sifa za ubani.

Joto la mvinyo ni lawama ya pili. Ilikuwa Februari, wakati ambapo mchana wa Nairobi hufika nyuzi 26 na zaidi, na chupa nyekundu zilikuwa zimesimama kwenye kabati karibu na jiko. Mvinyo mwekundu huonjwa vyema kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukizidi hapo kileo hupanda puani na tunda hulegea kama jamu. Msimamizi alimwomba mhudumu atie chupa nne nyekundu kwenye ndoo ya barafu kwa robo saa. Kijana alisita, akatazama mlangoni, akasema kwa upole, "Madam, mwekundu tumefundishwa hauwekwi barafu. Meneja akiona atauliza." Hakuwa na kosa. Kanuni ya "joto la chumba" aliyofundishwa ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zilizokuwa na baridi, na haikusudii chumba cha Lavington chenye jua la magharibi dirishani. Aliletewa glasi mbili za mvinyo ule ule, moja kabla na moja baada ya barafu, akaonja kidogo, akaenda kumwita meneja mwenyewe aje aonje. Upande wa pili, mivinyo myeupe ilitolewa kwenye friza ikiwa baridi kiasi cha kutonusa chochote, na ilitubidi kuikumbatia glasi viganjani.

Bili pia ilikuwa na utata. Wawili kati yetu walikuta kokeji ya shilingi 1,000 imeongezwa juu ya ada waliyokwisha kulipa, na ikachukua nusu saa na wahudumu watatu kuiondoa. Iliondolewa, na msamaha ukaombwa. Hata hivyo, soma bili yako kabla hujatoa simu ya kulipia.

Kuhusu chakula, agiza kuku wa kupaka ukiwa bado na Chenin kwenye glasi. Nazi huukubali uzito wake na uchachu huyakata mafuta. Ukiwa na chochote chenye pilipili kali, epuka Shiraz nzito, maana kileo na tanini huuchochea moto wa pilipili badala ya kuuzima. Jibini ya Limuru ilikuwa bora, ila ililetwa mapema mno, tukiwa bado na namba tatu; mafuta ya jibini huupaka ulimi na kuficha makali ya mvinyo, jambo linalomfaa muuzaji kuliko muonjaji.

Mambo machache ya kujiandaa nayo. Jioni huanza saa kumi na mbili na nusu na hupangwa kwisha saa tatu, lakini tulitoka karibu na saa nne na nusu, kwa sababu kila mfuko uliovuliwa ulizaa hadithi. Njoo kwa teksi hata kama unatema kila tone, kwani kutema hakuzuii kileo chote kuingia mwilini na alkoblow, kipimo cha pumzi cha polisi, haijali ulikunywa kwa elimu au kwa kiu. Kula kitu kabla. Kama hujui uchague chupa gani, usimwulize muuzaji iliyo ghali zaidi chini ya 3,000. Mwulize iliyokaa dukani muda mfupi na ambayo haikusimamishwa dirishani kwenye jua.

Kwa anayenunua mvinyo mara kwa mara na amechoka kuchagua kwa picha ya lebo, naipendekeza bila kusita, kwa sharti kwamba abebe glasi yake. Kwa anayetafuta mahali pa kustarehe na marafiki Alhamisi usiku, haitamfaa: ukimya wa dakika mbili mara kumi na mbili ni mwingi, na atakayecheka katikati atatazamwa. Mada inayofuata ni Riesling, aina ya zabibu nyeupe, na msimamizi ameahidi kwamba majagi yatakuwa sita.